"Na Mungu je, chanzo chake nini?" Mjadala hukwamia wapi hasa?

Mdadisi
Salaam wakuu. Katika mijadala ya waumini na wakanamungu, hoja inayotangulia karibu kila mara ni hii: kila kilichopo kina chanzo, ulimwengu upo, basi una chanzo, nacho ni Mungu. Mpinzani anauliza: "Na Mungu je, chanzo chake nini?" Hapo zinaanza kelele, na mwisho mmoja anasema akili ya binadamu ina mipaka. Je, hapo akili imefika mpakani kweli, au hoja ndiyo iliyojengwa vibaya?

Mantiki kwanza
Mkuu, hoja ndiyo mbovu. Mpakani bado hatujafika. Ukisema "kila kilichopo kina chanzo", umemtia na Mungu humo humo, maana nawe unasema yupo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, hakuisema hivyo. Yeye alisema: kila *kilichoanza kuwako* kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwako, basi una chanzo. Swali la mpinzani haliigusi sura hii, kwa sababu hakuna aliyedai Mungu alianza.

Kazi yote sasa inahamia dai la pili: ulimwengu ulianza kweli? Mwaka 1095 al-Ghazali aliwabana wanafalsafa waliosema ulimwengu hauna mwanzo, kwa hesabu za falaki (elimu ya nyota) za zama zake. Kwa hesabu hizo, jua huzunguka mara 1 kwa mwaka, sayari ya Zohali mara 1 kwa miaka 30. Kama mizunguko haikuwa na mwanzo, ya Zohali ni fungu 1 katika 30 la mizunguko ya jua, na bado yote haina idadi! Kisha akauliza: mizunguko hiyo ni shufwa (hugawanyika kwa mbili) au witiri (haigawanyiki)? Ukisema shufwa, basi imepungukiwa na mmoja ili iwe witiri; kisicho na mwisho kinapungukiwaje na mmoja?

Ni hoja kali. Lakini tangu mwanahisabati Georg Cantor, karne ya 19, wanahisabati huoanisha namba zote na vigawe vya 30: 1 na 30, 2 na 60, 3 na 90, na kuendelea, pasibaki namba isiyo na mwenzake upande wowote; fungu na kizima vinalingana, kama vyote havina ukomo. Kwa hiyo ukinzani hauko kwenye namba zenyewe. Linalobaki ni kama kitu kisicho na ukomo chaweza kuwako nje ya karatasi, na ni hapa akili inapoanza kusita. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo na muumini asiye na shaka, alishikilia kwamba mwanzo wa ulimwengu hauthibitishiki kwa akili. Yeye aliushika kwa imani.

Bara na Pwani
Nyongeza. Mwaka 1781 mwanafalsafa Immanuel Kant aliziweka hoja mbili zikitazamana: huku ulimwengu una mwanzo, huku hauna, na kila moja ilishinda kwa kuibomoa nyenzake. Alivyoeleza, neno "chanzo" tumelijua kwa vitu vilivyomo ndani ya wakati, kama moshi na moto wake. Ulimwengu mzima haujawahi kuwa mbele yetu kama kitu kimoja. Na mpaka huo unamfunga anayekana vilevile: kwa njia hiyo hathibitishi kuwa Mungu hayupo.

Fundi wa hoja
"Akili ina mipaka" isigeuzwe mlango wa uani. Mtu ameitumia akili saa mbili nzima, akibanwa ndipo anaikumbuka mipaka yake. Hiyo si haki kwa msikilizaji. Mpaka utajwe mwanzoni na uwabane wote. Tena, duara lenye pembe nne si fumbo lililoizidi akili, ni maneno yanayobomoana. Na hata hoja ya chanzo ikisimama, imekupa chanzo tu. Kutoka hapo hadi Mungu anayesikia dua inahitajika hoja nyingine nzima, na wengi huiruka.

Anayeongoza mjadala aandike madai ubaoni kwa namba, kisha mpinzani aseme analikataa la ngapi. Kelele hupungua nusu.

Mdadisi
Ahsanteni. Na Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia kwamba ulimwengu ulitanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa, haumalizi swali la mwanzo?

Mantiki kwanza
Haumalizi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia hiyo, hakupenda ichanganywe na habari ya uumbaji, hata baada ya Papa Pius XII kuihusisha nayo mwaka 1951. Vipimo vinaturudisha nyuma kama miaka bilioni 13.8, hadi kwenye joto na msongamano mkubwa mno. Kama kulikuwa na "kabla" ya hapo, milinganyo iliyopo haisemi.