Mnunuzi wangu wa Maskati anaona kisanduku cheupe badala ya picha

MpigapichaKibokoni aliuliza:

Wadau, salaam. Naomba msaada, na mnistahimilie maana maelezo ni marefu kidogo.

Tangu 2022 naendesha soko dogo la picha za kidijitali za kukusanya, kwenye blokicheni ya Polygon (daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi). Tuko wapiga picha saba, wote wa Mombasa na Lamu. Kila picha tunatoa nakala moja tu, na mpaka sasa tumeuza 61. Hakuna aliyetajirika, lakini kuna picha moja iliyonilipia kodi ya nyumba mwezi mzima, na kwangu hilo si dogo.

Juma lililopita mzee mmoja wa Maskati, mnunuzi wetu wa kwanza kabisa, kaniandikia: "Mwanangu, picha yangu imekwenda wapi?" Alinunua picha niliyoipiga Matondoni, kijiji cha Lamu: fundi anatia jahazi kalafati, na ukiikuza unauona uzi wa pamba uliolowa mafuta ukiingia baina ya mbao mbili, chini ya kidole gumba chake. Sasa mzee akifungua pochi yake ya kidijitali anaona kisanduku cheupe. Tokeni, yaani rekodi ya umiliki, ipo, ni yake, ila picha haipo. Kampuni tuliyokodi seva ilifunga akaunti yetu malipo yalipokwama, na mafaili yote yakafutwa.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu, "Iko kwenye blokicheni, haifutiki." Niliamini hivyo kabisa. Nifanyeje? Na je, nimewadanganya?

FundiSeva alijibu:

Pole sana dada. Hukukusudia kudanganya, lakini sentensi hiyo iondoe kwenye tovuti leo hii, kabla ya lolote lingine.

Picha haikuwahi kukaa kwenye blokicheni. Kule kuna namba ya tokeni, anwani ya pochi ya mwenyewe, na kiungo cha faili dogo la maelezo, ambalo ndilo linasema picha iko wapi. ERC-721, kiwango cha kutengenezea tokeni kinachotumiwa na masoko mengi, hakimlazimishi mtu aweke faili mahali fulani. Na kuiweka picha yenyewe kule haiwezekani kwa mfuko wa kawaida. Kuandika baiti 32 hula gesi 20,000 hivi (gesi ni kipimo cha kazi ya blokicheni, na hulipiwa). JPEG ya megabaiti 8 ingekula gesi bilioni 5, na kwa miaka kadhaa bloku moja (fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja) ya Ethereum, blokicheni ambayo Polygon imeegemea, ilikuwa na ukomo wa gesi milioni 30. Picha yako moja ingejaza bloku zaidi ya 160.

Sasa niambie: jina la tovuti bado ni lenu? Na mkataba, yaani programu inayoendesha tokeni zenu kwenye blokicheni, una kitendaji (amri) cha kubadili kiungo (wengi hukiita setBaseURI)? Kama jina ni lenu, pandisha mafaili yaleyale kwenye seva nyingine kwa anwani zilezile, picha zitarudi. Kisha hamia IPFS, mtandao wa kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta nyingi. Kule anwani hutokana na yaliyomo ndani ya faili, ikibadilika baiti moja tu, anwani nayo inabadilika. Ila faili hudumu pale tu ambapo kuna kompyuta inayolishikilia, ndiyo maana watu hulipia kupini, yaani kompyuta ya mtoa huduma ilishikilie faili lao muda wote. Pini kwa watoa huduma wawili, na nyinyi saba kila mmoja awe na nakala zote nyumbani kwake. Mkimaliza, fungeni kabisa uwezo wa kubadili kiungo, ili mnunuzi asiishi kwa hisani yenu.

MkusanyajiPemba alijibu:

Mimi ni mnunuzi, kwa hiyo nasema upande wa mzee. Nilikuwa nanunua Hic et Nunc, soko la picha kwenye blokicheni ya Tezos alilolianzisha Mbrazili Rafael Lima mwaka 2021. Novemba mwaka uleule akalizima ghafla. Usiku ule sikulala. Lakini mikataba ilikuwa Tezos na mafaili yalikuwa IPFS, hivyo watumiaji wenyewe wakasimamisha tovuti nyingine, na baadaye wakajenga Teia. Vyangu vyote naviona mpaka leo.

Na yule fundi wa Matondoni, mlimwahidi fungu picha ikiuzwa tena? Kama ndiyo, msitegemee mkataba umlipe. EIP-2981, kiwango cha mirabaha (fungu la msanii kazi inapouzwa tena), inataja kiasi tu, haimlazimishi mtu kulipa, na OpenSea, soko kubwa la tokeni, iliacha kulazimisha mwaka 2023. Mtengeeni kwenye ada yenu wenyewe.

MpigapichaKibokoni alijibu:

Shukran sana, nimefuata neno kwa neno. Jina la tovuti lilikuwa bado letu. Jana saa tano usiku picha ya Matondoni imerudi, na mzee kanitumia sauti ya dakika mbili, nusu yake dua. Fundi tulimwahidi kwa mdomo asilimia kumi. Ijumaa navuka kwenda kumwandikia karatasi.

Kuna jambo moja zito limebaki. Kila barua pepe ya mauzo ina heshi ya SHA-256 ya faili (kama alama ya kidole chake, hubadilika faili likibadilika hata kidogo), kwa hiyo nimelinganisha na diski zetu. Mafaili 57 yamelingana. Manne tulishayarekebisha rangi na kuyahifadhi juu ya yale ya zamani; kwa jicho ni picha zilezile, kwa heshi si zenyewe. Sitaki kumpa mnunuzi kitu ambacho hakukinunua, nimewaandikia wote wanne. Wawili wamejibu kwamba hawakupakua, wawili bado kimya. Kama kuna aliyenunua kwetu humu "Maji Kujaa, Shela" au "Gati Alfajiri", tafadhali tazama simu yako ya zamani, folda ya vilivyopakuliwa, usifungue kwa programu ya kuhariri, nitumie faili kama lilivyo.