Nimeuziwa pikipiki ya boda ati ni ya porini!

Jamani, leo niacheni niseme. Ijumaa nimelala huko ndani Kinango, kupita Ndavaya, na sanduku zima la dawa za mifugo, kwa uongo wa muuzaji mmoja hapa Mombasa.

Nilimweleza wazi. Mimi si wa lami. Nikishavuka feri Likoni nikaipita Kwale, kazi yangu yaanzia pale lami inapokwisha. Akanitolea pikipiki ndefu, tairi za meno, stika kila mahali. "Hii cc 200 (ukubwa wa injini huo), hakuna mlima utakaoishinda." Nikalipa taslimu.

Mvua ikanyesha. Tope la kule ni lile jeusi, likikushika halikuachi. Madigadi ya mbele imelalia tairi, vidole viwili havipiti. Sikufika mita mia, tope limejaa, gurudumu limegoma kuzunguka. Nalichokoa kwa bisibisi, nasukuma hatua kumi, limejaa tena! Mwisho nikafungua bolti zote nne nikaing'oa madigadi nikaifunga kwenye keria, na giza limeshaingia. Mzee mmoja akanipa mkeka na chai. Mungu amlipe.

Sasa huyu muuzaji na wenzake wanaopigia watu kelele za cc, nisikilizeni. Yamaha XTZ125 ina cc 124 tu, lakini gurudumu la mbele ni inchi 21 na la nyuma 18, na madigadi iko juu kabisa, tope lapita chini yake. Gurudumu kubwa hulipanda jiwe, dogo huligota. Honda XR150L ni 19 mbele na 17 nyuma, cc 149, injini yapozwa na upepo, kwa hivyo hakuna rejeta ya kutobolewa na kisiki. Uzito wake ni kama kilo 130, ikikuangukia mtoni waiinua peke yako. Boxer, ile pikipiki ya boda, ni 17 kotekote, yabeba magunia na spea zake ziko kila kona. Sina ugomvi nayo, inauzwa kama ilivyo.

Hii yangu ni 17 mbele na nyuma kama Boxer! Shokamzoba fupi, kila shimo zagonga mwisho mpaka mikono yafa ganzi. Na rimu ni za aloi. Rimu ya spoki ikipiga jiwe hupinda, fundi akainyoosha. Ya aloi hupasuka, na hapo umekwisha. (Ndiyo, chumvi ya bahari yala spoki. Osha, paka oili.) Kunibadilishia sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo) aweke yenye meno mengi, kama muuzaji anavyonipoza sasa, kutaongeza nguvu ya kupanda tu. Madigadi na magurudumu ni yale yale.

Risiti ninayo, imeandikwa "ya porini" kwa mkono wake. Jumatatu niko mlangoni kwake kabla hajafungua. Na aliye na XTZ au XR ya mkono wa pili hapa Mombasa, yenye logibuku safi, anijibu hapa. Nina wateja wanangoja dawa.