MREJESHO: Ile PC ya kuunga mwenyewe iliyokuwa inagoma macOS

Wakuu habari za saa hizi, niliuliza hapa kuhusu mashine yangu ya i5-8400 (prosesa ya Intel) na GTX 1060 (kadi ya grafiki ya Nvidia), naweka macOS Monterey, mfumo wa kompyuta za Apple, kwa OpenCore, programu inayowasha macOS kwenye PC ya kawaida, nembo ya tufaa inatokea, kimstari kinajaa kisha skrini nyeusi tii. Sasa imewaka!

Mdau aliyesema shida ni kadi alikuwa sahihi, draiva za Nvidia kwa kadi za kizazi hicho ziliishia High Sierra, toleo la macOS la 2017, kwa hiyo hapo hata ukeshe hupati kitu. Nikachomoa kadi nikatumia grafiki za ndani ya prosesa, UHD 630, kwenye config.plist (faili la mipangilio ya OpenCore) nikaweka ig-platform-id 07009B3E, namba ya kuitambulisha grafiki kwa macOS, na WhateverGreen, kiongezi cha grafiki, ipo. HDMI bado ikaleta giza, nikahamisha waya kwenye DisplayPort ya mazabodi, hapo hapo desktopu hiyooo.

Sauti ilikuwa kazi ndogo, unaweka AppleALC, kiongezi cha sauti, halafu unajaribu namba za alcid (mpangilio wa chipu ya sauti) mpaka spika iongee. Waifai nimewasha kwa itlwm, draiva ya kadi za waifai za Intel, inakamata vizuri tu, ila AirDrop (kurushiana mafaili kati ya vifaa vya Apple) sahau.

Mnaoniambia nipande toleo jipya, kwa kweli sioni haja, Apple wenyewe wameshasema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Nabaki hapa hapa na Logic yangu, programu ya kutengeneza muziki, inapiga mzigo. Ila mwenye RX 580 (kadi ya grafiki ya AMD) ya mtumba bei ya kueleweka aje PM, hiyo macOS inaikubali bila longolongo.