Mliowahi kuoka biskuti za Halloween huku ughaibuni, tupeane uzoefu

MAMA PACHA:
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kazini, nafungua mabegi ya watoto nakuta karatasi ya mwalimu: Ijumaa kuna sherehe ya Halloween darasani, ile ya maboga na mizuka mwisho wa Oktoba, mzazi anayependa alete biskuti. Niliposoma tu neno biskuti tumbo likanisokota, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa Ohio.

Nilitoka Dar najiona fundi. Magomeni nilikuwa naoka keki kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na haijawahi kuniungulia. Hapa nikakuta oveni ya kubonyeza, kioo mbele, taa ndani. Nikabonyeza 180 kama nilivyozoea kuona kwenye mapishi, nikapanga biskuti zangu za umbo la maboga na mizuka kwenye trei, macho nimeweka zabibu kavu, nikakaa kusubiri. Dakika 10, mabichi. Dakika 20, mabichi ila yanatoa jasho. Dakika 40 siagi yote imeyeyuka, mzuka umemwegemea mwenzake, boga limewafuata, imekuwa chapati moja kubwa yenye macho ishirini. Baba Pacha akarudi akasimama mlangoni: "Hii ndiyo nini, na mbona inaniangalia?"

Wiki ya pili yake ndiyo nikaambiwa na mama mmoja wa Arusha kwamba majiko ya huku yanahesabu kwa Fahrenheit. Ile 180 yangu ni kama 82 ya kwetu, joto la kupashia kiporo. Biskuti inataka 350.

Haya, wenzangu ilikuwaje? Msinicheke peke yangu. Ijumaa siyo mbali na nataka kukanda leo leo.

KIDAWA WA LEICESTER:
Mimi nilikosea upande wa pili wa bahari. Mapishi ya Kimarekani yanasema 350, jiko langu la Uingereza linaishia 250. Nikazungusha mpaka mwisho nikasema litajikaza. King'ora cha moshi kililia mpaka jirani akabisha hodi na ndoo ya maji mkononi. Biskuti zilikuwa nyeusi tii. Nikamwambia ni popo.

FUNDI WA CHAPATI:
"Nikamwambia ni popo" 😂😂 Dada umeniua.

SHANGAZI MKALI:
Mama Pacha, tatizo siyo joto peke yake, donge hukulilaza kwenye friji. Siagi, sukari kikombe kimoja kimoja, unga vikombe 3, yai, vanila, chumvi kidogo, beking pauda kijiko kidogo na nusu. Kanda, funga kwenye nailoni, weka kwenye friji saa nzima. Ndiyo usukume, unene uwe kama nusu sentimita. Ukikata na donge moto hata boga litakuwa ramani ya Afrika.

DEREVA LORI:
Friji ya nini? Mimi nasukuma palepale kwenye kibao cha chapati na hazijawahi kutambaa. Siri ni kupunguza beking pauda. Mnawatisha wenzenu.

SHANGAZI MKALI:
Dereva, weka picha.

DEREVA LORI:
Nilishazila.

BINTI DARAJANI:
Mie nilisema unga ni unga. Nikachukua kipimo cha vileja vya bibi yangu: unga wa mchele, samli, iliki, sukari. Nikanunua vikatio vya popo dola 3. Donge likanukia nyumba nzima kama Idi, roho yangu ikatulia. Shughuli ikaja kwenye kunyanyua: ukimshika popo, bawa linabaki mezani. Ukishika bawa, linabaki kwenye vidole. Mwisho nikawapelekea majirani vipande kwenye bakuli na vijiko, nikawaambia ndivyo vinavyoliwa kwetu. Wakaomba mapishi!

MPEMBA HALISI:
Binti Darajani, wewe mtu wa Unguja unakaa usiku unaunda popo na bawa lake, yale ya jini Popobawa ya mwaka 1995 hukusimuliwa? Watu walilala nje viwanjani, wewe unampaka sukari. Mimi mwanangu aliniletea kile kikatio nikakizika.

BINTI DARAJANI:
Umekizika kweli??

MPEMBA HALISI:
Nyuma ya gereji. Na aya juu.

MTUMISHI 7:
Nimesoma kimya nimeshindwa. Yaani watu wazima mnajadili namna ya kumpamba shetani na sukari. Mizuka, wachawi, mafuvu, halafu mnawapa watoto wale. Mkirudi nyumbani na matatizo mnaita maombi.

KATEKISTA MSTAAFU:
Mtumishi, taratibu. Jina lenyewe asili yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Tarehe 1 Novemba sisi Wakatoliki tuko misani, tarehe 2 tunawaombea marehemu, hata Moshi na Songea tunaenda makaburini kufagia na kuwasha mishumaa. Hayo ya kuchonga boga walikuja nayo Waairishi, kwao walikuwa wanachonga tanipu, mzizi kama figili kubwa, huku wakakuta maboga tele. Mtoto kula biskuti hajamwabudu mtu.

MTUMISHI 7:
Katekista, giza halichanganywi na nuru.

DEREVA LORI:
Mtumishi, kanisa la mtaani kwangu jioni hiyo hiyo wanapanga magari, wanafungua mabuti, watoto wanapita gari hadi gari kuchukua pipi, na mchungaji kavaa ngozi ya simba. Kagombane naye kwanza.

UMMU NASRA:
Sisi nyumbani hatusherehekei, ila binti yangu wa miaka 6 hakutaka kwenda mikono mitupu. Nikaoka nyota na miezi, nikapaka rangi ya chungwa, mwalimu akasema zimependeza sana. Nawakumbusha tu kina mama: zile mashimelo (pipi laini za kuvutika) mnazoyeyusha kutengenezea utando wa buibui zina jelatini, na nyingi ni ya nguruwe. Pipi zile za umbo la mbegu ya mahindi nazo zina jelatini. Someni nyuma ya pakiti. Utando chora kwa aisingi nyeupe na kijiti cha meno, unatoka mzuri kuliko.

NESI WA ZAMU:
Na mkishasoma jelatini endeleeni kusoma. Karanga, lozi, maziwa, mayai. Ufuta nao umeingia kwenye orodha ya vitu 9 vinavyolazimika kuandikwa kwenye vyakula vya pakiti hapa Marekani, tangu 2023. Mkiona mlango una boga la rangi ya buluu-kijani, nyumba hiyo inagawa vitu visivyoliwa kwa ajili ya watoto wenye mzio. Sitanii, nimeona mtoto akivimba midomo kwa biskuti moja.

MAMA WA UVIRA:
Mimi niko Louisville, Kentucky, tulitoka Uvira kule Kongo. Mwaka wetu wa kwanza niliona watoto wanazunguka mlango kwa mlango, nikafurahi, nikasema hii ni desturi nzuri, mgeni anapewa chakula. Nikaoka biskuti 80. Nilitumia siagi ya wiki mbili. Kila mtoto nikampa mkononi, wengine nikawapa mbili. Asubuhi naenda kazini nazikuta kando ya njia, maboga yangu, mengine yamekanyagwa, mengine mazima hayajaumwa hata kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba wazazi wa huku wanapokea pipi iliyofungwa na kiwanda tu, cha mkono wa mtu wasiyemjua kinatupwa. Nilisimama nikaziokota zote nikaweka kwenye mfuko. Sikutaka watoto wangu wazione wakienda shule.

FUNDI WA CHAPATI:
Pole sana mama.

KIDAWA WA LEICESTER:
Mama wa Uvira umenitoa machozi kwenye basi.

MKWE WA MUHEZA:
Poleni nyote. Mimi biskuti za Halloween ziliniitishia kikao cha ukoo.

Ilikuwa Houston. Mama mkwe kaja kutoka Muheza kwa mara ya kwanza, wiki ya tatu tu. Nikaona kazini wenzangu wanaleta biskuti za vidole vya mchawi, nikasema na mimi. Donge unalisokota kama kidole, unalibana katikati kutokeza vifundo, unakata mistari kwa kisu, mbele unachomeka lozi iliyomenywa ndiyo ukucha. Zikiiva unanyanyua ukucha, unadondosha jamu nyekundu, unaurudisha, inachuruzika kama damu. Zilinitoka vizuri kupita kiasi, ndilo kosa langu. Vidole 24 kwenye trei. Nikaona nzi wasije, nikavifunika na kitambaa cheupe, nikalala.

Mama huamka saa kumi alfajiri kuswali. Akaenda jikoni kunywa maji, akafunua kitambaa.

Hakupiga kelele. Alirudi chumbani, akafunga kwa ufunguo, akampigia mdogo wake. Houston saa kumi alfajiri, Muheza ni saa sita mchana, watu wote macho. Kabla ya adhuhuri kumalizika habari ilishafika Korogwe kwamba mke wa fulani Marekani anakata watu na anawafunika sanda.

Saa kumi na moja simu ya mume wangu ikalia, baba yake mkubwa. Nilisikia kwa spika: "Mwanangu, upo mzima? Vidole vyako vyote vipo?" Na yeye, kwa usingizi, akaanza kuvihesabu! "Vipo, baba." "Hesabu na vya miguu."

Mume wangu alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. Akagonga mlango wa mama, akambembeleza mpaka akatoka, akampeleka jikoni, na ili kumthibitishia akachukua kidole kimoja akakitafuna mbele yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi mkubwa alikaa sakafuni palepale akaanza kusoma. Alichoelewa ni kwamba mwanawe ameshaingizwa.

Siku tatu alikula ndizi alizomenya mwenyewe. Jumapili kikao kikaketi kwa video, watu 11, na mimi nimejifunga mtandio nimekaa kitako kama siku ya kuposwa. Nikaonyesha unga kwenye kamera. Nikaonyesha lozi. Nikafungua jamu nikalamba. Wakanielewa, wakacheka kidogo. Halafu baba mkubwa akaniuliza kwa upole kabisa: "Tumekuelewa mama. Sasa tueleze, kwa nini vidole? Biskuti ya duara ilikukosea nini?"

Mpaka leo sina jibu.

DEREVA LORI:
Nimesimamisha gari pembeni. Siwezi kuendesha.

SHANGAZI MKALI:
"Hesabu na vya miguu" 😂😂😂

KATEKISTA MSTAAFU:
Baba mkubwa apewe uspika wa bunge.

BINTI DARAJANI:
Mkwe, mama mkwe yuko wapi sasa? Usituache hapa.

MTUMISHI 7:
Mnacheka. Huyo mama aliona kitu cha kweli, roho yake ilimwambia.

NESI WA ZAMU:
Roho yake ilimwambia lozi, Mtumishi?

DEREVA LORI:
Mkwe wa Muheza!! Jibu!!

MAMA PACHA:
Jamani uzi wangu umetekwa ila sijakasirika. Nimeshakanda, donge liko kwenye friji kama alivyosema Shangazi. Aisingi nyeusi nafanyaje? Mwaka jana nilimwaga chupa nzima ya rangi ikaishia kijivu.

FUNDI WA CHAPATI:
Usitumie ile rangi ya maji, tafuta ya jeli. Anza na kakao mpaka aisingi iwe kahawia iliyokolea, ndiyo utie nyeusi kidogo, funika, iache ilale hadi asubuhi. Itajikolea yenyewe. Kipimo: sukari ya unga vikombe 4, unga wa ute wa yai vijiko vikubwa 3, maji ya uvuguvugu vijiko 5 au 6. Bakuli lisiwe na hata dalili ya mafuta, aisingi haitaumuka. Kama bakuli ndilo la kukandia maandazi, liache.

SHANGAZI MKALI:
Ute wa yai halisi ni bora, huo unga ni wa wavivu.

NESI WA ZAMU:
Yai bichi, watoto wa darasa zima. Shangazi.

SHANGAZI MKALI:
Tumekua na mayai mabichi.

KIDAWA WA LEICESTER:
Nyeusi weka kidogo tu, machoni. Mwaka wangu wa pili nilipaka paka mzima mweusi. Watoto meno yakawa kama ya wavuta tumbaku, na kesho yake choo cha kijani. Nilimkimbiza wa mwisho hospitali. Nesi akauliza swali moja tu, "alikula nini jana?", nikaona aibu kujibu.

UMMU NASRA:
Mama Pacha, kabla hujasukuma hilo donge, karatasi ya mwalimu umeisoma mpaka nyuma? Shule ya binti yangu mwaka huu wamebadilisha.

MAMA PACHA:
Ngoja.

MKWE WA MUHEZA:
Samahanini nilikuwa zamu. Mama alimaliza miezi yake mitatu akarudi salama, tunapigiana kila Ijumaa. Ila siku ya kufunga mabegi nilikuta kopo langu la lozi halipo kabatini. Nikalikuta kwenye begi lake, katikati ya kanga. Sikumuuliza na yeye hajasema ni za nini.

MPEMBA HALISI:
Muheza kuna mtu ataogopa mwaka huu.

MAMA PACHA:
Nimesoma nyuma. "Za dukani tu, pakiti isiwe imefunguliwa, iwe na orodha ya viambato." Wakuu, nina kilo mbili za donge kwenye friji.

DEREVA LORI:
Nunua pakiti, toa za kwao, weka zako, gundisha.

NESI WA ZAMU:
Usithubutu.

MAMA WA UVIRA:
Mama Pacha, Louisville siyo mbali na Ohio. Jumamosi tuko nyumbani, watoto wangu ni watano. Lete.