Tupeane uzoefu: kupima projesteroni ukiwa na PCOS

Dada zangu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega, sisi wenye PCOS (hali ya homoni inayovuruga upevukaji wa yai), naomba tuelezane yaliyotupata tulipopimwa projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, kwa sababu wengi wetu tumeambiwa kwamba yai halipevuki ilhali damu ilitolewa siku isiyofaa. Kipimo cha siku ya 21 humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Homoni hii hufikia kilele takriban siku 7 baada ya yai kutoka, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 40 akipimwa siku ya 21, huenda yai lenyewe halijatoka.

Kutoka Kondele, Kisumu: Jibu langu la kwanza lilikuwa chini ya 1, na nililia njia nzima hadi nyumbani, ambako mama mkwe alikuwa ananisubiri na maswali yake. Daktari mwingine aliniuliza kwanza hedhi iliyofuata ilifika lini. Kwa kuwa mzunguko wangu hautabiriki, aliagiza damu ipimwe kila wiki hadi hedhi ije, na safari hiyo projesteroni ikapanda.

Kutoka Kakamega: Someni kizio kilichoandikwa kando ya namba. Karatasi yangu ilisema 9, nami nikamshukuru Mungu, kumbe zilikuwa nanomoli kwa lita. Nesi alinionyesha kwa kalamu kwamba ukigawanya kwa 3.18 unapata nanogramu kwa mililita, nayo haikufika 3, kiwango ambacho madaktari wengi hukichukua kuwa dalili kwamba yai limetoka.

Kutoka Section 58, Nakuru: Vijiti vya mkojo vya kutabiri yai kutoka vilinionyesha mistari miwili mara kwa mara bila yai kutoka, kwa maana LH, homoni inayochochea yai kutoka na ambayo vijiti hivyo huipima, huwa juu kwa wengi wetu. Kilichonisaidia ni letrozoli, dawa ya kuchochea yai kupevuka, ya siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, kisha ultrasaundi ya kufuatilia yai, na projesteroni wiki moja baada ya yai kutoka.

Asanteni sana, wapendwa. Ningeongeza kwamba projesteroni hupanda na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo aliyepata nanogramu 6 kwa mililita asijione ameshindwa na aliyepata 12. Yote mawili yanaonyesha kwamba yai limetoka. Ambaye amewahi kupimwa huku akitumia dawa za projesteroni atueleze daktari wake aliyasomaje majibu, kwani dawa nyingine huongeza namba hiyo.