Mjadala: Vijana warudi mashambani wakafanye nini?

Muuza maembe, Marikiti:
Kila nikisikia "vijana warudi mashambani" roho inaniuma. Januari alfajiri malori ya Makueni hushusha mzigo hapa sokoni Nairobi, na kreti za chini huwa zimepondeka, maji ya embe ngowe yakivuja hadi kwenye viatu vyetu. Na hayo ndiyo yaliyobahatika kufika. Kwetu Kathonzweni mengine yanaozea chini ya miti, maana broka alikuja mara moja, akachagua, akataja bei yake akaenda zake. Kijana wa boma hilohilo namkuta hapa anasukuma mkokoteni. Arudie nini?

Pesa tunazotuma kwa M-Pesa tangu 2007 zimelipa karo, hospitali na matanga. Kazi hazijaleta. Kaunti za Kenya zilianza 2013, na Katiba inazitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Makueni walijenga kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba, kikafunguliwa 2017, na embe likasagwa rojo karibu na mti wake. Kila kaunti ianzie hapo, kabla ya uwanja wa michezo na kabla ya ofisi mpya ya gavana.

Mzaliwa wa Mumias, Kawangware:
Ndugu yangu, kiwanda sisi tulikuwa nacho, tena kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yule msimamizi anayeletwa na wadai deni likishindikana kulipwa. Bomba moja la moshi likizimika, wenye maduka, matrekta na bodaboda wanazimika nalo. Kwa hiyo kabla ya kujenga niambie: mizani ya kupimia mzigo wa mkulima ni ya nani, na asipolipwa kwa miezi sita atamshtaki nani? Mimi ningeanza na chama cha ushirika ambacho wanachama wanaweza kumfukuza mwenyekiti wao.

Muuza maembe, Marikiti:
Hapo kwenye mizani umenishika. Nakubali, ushirika uje kwanza. Lakini ushirika usio na pa kupeleka mzigo utarudi kwa broka yuleyule.

Mama wa miti arobaini, Makueni:
Wanangu, mnasahau nzi. Kenya iliacha kuuza maembe Ulaya 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarudi 2021. Nzi hajui mpaka wa shamba. Mimi nafukia kila embe lililoanguka, maana humo ndimo anamozaliana, natundika mitego, na wiki hiyohiyo wananirudia kutoka kwa jirani. Shamba lake lina miti kuliko langu, nyumba nzuri ya mawe, na kufuli lililofungwa tangu Krismasi. Yuko huko Nairobi pamoja nanyi. Ya matanga hutuma bila kuchelewa, Mungu ambariki. Mwaka huu nimemwomba atume ya kibarua mmoja tu, siku mbili kwa wiki, afukie maembe. Bado nasubiri.