Begi lina kilo 13, tiketi inaruhusu 7, na ninakokwenda ni joto tupu. Nitoe nini?

Mgeni_wa_Njia (mleta uzi)
Wakuu habari za humu. Baada ya kudunduliza mwaka mzima nimepata safari ya wiki tatu, ya mfuko mdogo kwelikweli: ndege ya bei ya chini, kisha mabasi, na kulala ni hosteli za vitanda vingi. Ninakokwenda joto ni nyuzi 34 hadi 36 na hewa ina unyevu, yaani unatoka kuoga unaanza kulowa jasho kabla hujafunga vifungo vya shati.

Tiketi inaruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 tu, ukizidisha unalipia. Jana usiku nimepima begi: kilo 13.4. Nimekaa kitandani nalitazama kama mtu aliyerithishwa deni la marehemu.

Ndani kuna jinzi 2, fulana 9, kaptula 2, raba, sandali, taulo kubwa, sweta, losheni na shampuu za chupa kubwa, draya ya nywele (msiulize), riwaya nene, chaja, pawabenki, na mfuko wa dawa aliofunga mama. Nitoe nini? Na nikitoa nguo, siku ya kumi nitavaa nini? Nawasilisha.

Kichwa_Moto
Nyuzi 36 na draya. Unakwenda kukausha nini mkuu, bahari?

Kilo_Saba
Kabla hujatoa hata soksi, mwaga vyote kitandani, upime begi likiwa tupu. Rudi na jibu.

Mgeni_wa_Njia
@Kichwa_Moto nilisema msiulize.
@Kilo_Saba aisee, kilo 3.1 tupu! Lina magurudumu na kishikio cha chuma. Sikuwahi kufikiri kwamba begi lenyewe ni mzigo.

Kilo_Saba
Karibu nusu ya ruhusa yako imeliwa na begi. Azima la mgongoni la lita 30 hadi 40, mengi hayafiki hata kilo moja na nusu. Tafuta lenye wavu mgongoni ili hewa ipite, la sivyo kila ukilivua utakuwa na ramani ya jasho.

Halafu sahau hiyo kilo 7 ya ndege kidogo. Mimi safari yangu ya kwanza nililipia mzigo na kilo 14 zangu zikapita vizuri. Nikashuka kwenye basi saa saba mchana. Malazi niliyoyataka yalikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilitembea tano, mikanda inakata mabega, jasho linaingia machoni, nikasimamisha teksi. Kesho yake tena hivyo hivyo. Mahali pa pili nilichukua chumba cha kwanza nilichokiona, cha ghali na kibovu, kwa sababu sikuweza kubeba lile furushi kwenda kuulizia kingine mtaa wa pili. Nilipopiga hesabu mwishoni, teksi na vyumba vya uchovu vilikula pesa kuliko tiketi yenyewe. Mwenye begi jepesi anapita nyumba tatu anauliza bei, anachagua. Mwenye begi zito anachaguliwa.

Kwa hiyo lengo lako lisiwe 7. Liwe 5 au 6, maana maji ya kunywa hayajaingia, na lita 1 ni kilo 1. Beba chupa tupu, ukishapita ukaguzi jaza. Jinzi toa zote mbili. Raba vaa siku ya ndege.

Bi_Kamba
Naongezea hapo kwenye nguo, na hapa wengi hukosea. Swali si una fulana ngapi. Swali ni fulana inakauka kwa muda gani. Ikikauka usiku mmoja, nguo za siku nne zinakutosha wiki tatu au miezi mitatu, ni ileile. Isipokauka, hata tisa hazitoshi, kwa sababu utakuwa unahamisha nguo mbichi kutoka mji hadi mji ndani ya plastiki, na zitanuka kama dekio.

Na usidanganyike kwamba joto litakukaushia. Hewa yenye unyevu imeshashiba maji, hainywi ya kwako. Jinzi huko unaweza kuianika siku mbili na kiuno bado kibichi.

Fanya jaribio leo. Loweka fulana zako jioni, zikamue, zilaze juu ya taulo kavu, viringisha pamoja kama mkeka, kisha kanyaga hilo furushi kwa miguu yote miwili. Utashangaa taulo linavyonyonya. Zianike ndani ya chumba, si juani, maana hosteli hutapata jua la peke yako. Asubuhi shika kwapa na mshono wa shingo. Iliyo na ubichi inabaki nyumbani, hata kama ndiyo unayoipenda.

Daladala_ya_Angani
Nunua za polista tu, pamba ni mtego. Pamba inashika maji, polista haishiki.

Bi_Kamba
Kukauka ni kweli inakauka haraka. Ila vaa polista ya bei rahisi siku nzima ndani ya basi halafu uje uniambie harufu. Wengine pia inawatoa harara mgongoni. Mimi hubeba mchanganyiko: fulana mbili za michezo, shati moja jepesi la kitani la mikono mirefu, moja la pamba nyembamba la kulalia. Hilo la mikono mirefu ndilo linalofanya kazi kuliko yote: mchana linakinga jua, jioni linakinga mbu, na ni la heshima mahali pa ibada. Liwe pana, hewa ipite.

Daladala_ya_Angani
Sawa, nakubali kuhusu harufu. Kwenye pamba nene sibanduki.

Zamu_ya_Usiku
Mimi ni wa dawa, niseme kuhusu ule mfuko wa mama. Kwanza, dawa unazotumia kila siku zikae kwenye mzigo wa mkononi siku zote, ndani ya pakiti zake zenye jina, si kumwagwa kwenye kopo moja. Pili, soma maandishi ya kuhifadhi. Dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30, na begi lililoachwa juani linapita hapo haraka sana. Kama kuna anayetumia insulini, hiyo ina utaratibu wake wa ubaridi, aulize kabla ya kuondoka.

Pakiti chache za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) hazina uzito na kwenye joto ni dhahabu. Zikiisha: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, visiwe na kilima. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo nguvu.

Losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Dawa ya mbu inapakwa juu yake, baada ya losheni, si kabla. Viwanja vingi vya ndege vinataka vimiminika vya mkononi viwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Shampuu badilisha uwe na sabuni ya kipande, haihesabiwi kama kimiminika.

Kichwa_Moto
Sabuni ya kipande kwenye joto inakuwa uji, mkuu. Kopo lake liwe na matundu.

Na kitu wanaume hatusemi: mapaja. Kutembea kutwa na jasho yanachubuka mpaka unatembea kama kaa. Kikopo kidogo cha mafuta mgando, pakaa asubuhi kabla hujatoka. Boksa ndefu kidogo za kubana, si zile pana. Miguu nayo, raba zikiloa usizivae mbichi siku ya pili, fangasi haina huruma. Sandali zenye mikanda ndizo utakazoishi nazo.

Kilo_Saba
Pawabenki yako ni ya ngapi? Hiyo lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa kupakiwa. Mashirika mengi yanaruhusu hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) bila kuomba kibali. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, uko salama. Ya 30,000 inazidi hiyo 100. Na usiiache juani wala chini ya mto.

Mgeni_wa_Njia
Ni ya 10,000, afadhali. Na sweta? Nyuzi 36 jamani, si niitoe tu?

Bi_Kamba
Hapana! Mabasi ya usiku yenye kiyoyozi yanagandisha watu. Ila badala ya sweta nene na taulo kubwa, chukua kikoi kimoja. Ni taulo, ni shuka la hosteli, ni blanketi la basi, ni pazia la kitanda cha chini. Kipige kwenye lile jaribio pia. Soksi moja ndefu kwa ajili ya basi.

Mgeni_wa_Njia
Mrejesho. Nimeazima begi la gramu 900. Jinzi nje, taulo nje, sweta nje, draya nje (Kichwa_Moto furahi), riwaya nimeiacha, losheni nimegawanya kwenye vichupa viwili. Mama amekasirika kidogo kuhusu dawa, nimebakisha ORS na zile za pakiti. Mzani unasoma kilo 5.8, chupa ya maji ikiwa tupu.

Bi_Kamba
Na jaribio la fulana?

Mgeni_wa_Njia
Tisa zimelala ndani usiku kucha. Tano zimefaulu, nachukua nne. Ile ya bluu niliyopanga kupigia picha zote za safari ilikuwa bado mbichi kwapani saa tatu asubuhi. Nimeivaa hapa nyumbani, inamalizikia mwilini.